Vumbi la asbesto: mwongozo kamili wa kudai fidia nchini Kenya

Mjomba wangu alifanya kazi miaka 19 katika karakana moja huko Changamwe, Mombasa, akivua na kufunga upya vifuniko vya joto kwenye mabomba na maboila. Jioni alirudi na ovaroli iliyojaa vumbi jeupe, na mkaza mjomba akiikung'uta ukutani kabla ya kuiloweka. Alistaafu akiwa mzima. Miaka ilipita, akaanza kuhema kwa kupanda ngazi chache tu. Akatibiwa kifua kikuu miezi sita, akamaliza dawa zote, pumzi haikurudi. Katika hospitali zote alizopita, aliyemuuliza "Mzee, ulikuwa ukifanya kazi gani?" alikuwa daktari wa nne. Wakati huo kampuni ilishabadilisha jina, na karatasi zake za kazi zilishaliwa na mchwa ndani ya sanduku.

Hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Sheria ya Kenya inamtambua mtu aliyeumizwa na asbesto, lakini ugonjwa wenyewe hujitokeza wakati ushahidi umeshatawanyika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi na tarehe. Mahakama nimeiweka baadaye, kwa sababu wengi hushindwa kabla hata hawajafika huko.

Ulivuta nini, na wapi

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto. Kwa miongo mingi yalichanganywa na saruji kutengeneza yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, mabomba ya maji na matangi. Yalitiwa kwenye breki na klachi za magari, yakazungushwa kwenye maboila ya meli, viwanda na garimoshi. Iwe nyeupe, ya bluu au ya kahawia, Shirika la Afya Duniani linasema aina zote husababisha saratani. Nyuzi zake ni ndogo hazionekani kwa macho, hazina harufu, na siku unapozivuta huenda usikohoe hata mara moja.

Waliomo hatarini ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Fundi aliyekata paa la asbesto kwa msumeno yumo. Fundi wa gereji aliyepuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa yumo. Mchukuzi wa bandarini aliyebeba magunia yumo, na aliyefagia karakana pia, hata kama hakugusa bomba lenyewe. Mke aliyefua ovaroli naye yumo, ingawa njia yake ya kudai ni tofauti, nami nitaifikia.

Magonjwa yenyewe ni manne ya kukumbuka. Asbestosi ni makovu ndani ya mapafu, huja baada ya miaka kumi au zaidi ya vumbi. Kuna saratani ya mapafu. Kuna utando wa mapafu kuwa mnene au kuwa na mabaka. Na kuna mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ambayo huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mesotelioma ina uzito wa pekee katika madai, kwa kuwa ni nadra sana kuipata bila kuwa umevuta asbesto mahali fulani.

Kama ulivuta sigara, usimfiche daktari. Sigara na asbesto pamoja huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu, lakini sigara haifuti vumbi ulilovutishwa kazini. Na mesotelioma haitokani na sigara kabisa.

Hatua ya kwanza: daktari aiandike kazi yako

Kabla hujaenda hospitali, keti na mtu wa nyumbani mwenye mwandiko mzuri, muorodheshe kila kazi uliyofanya tangu ujana. Andikeni mwaka wa kuanza na wa kuacha, jina la mwajiri la wakati ule, mahali, na ulichokuwa ukikifanya kwa mikono yako. "Nilikuwa fundi" haitoshi. Andika: "Nilikuwa nikibomoa kifuniko cha boila kwa nyundo na patasi, ndani ya chumba kisicho na dirisha, bila barakoa." Mpe daktari nakala, na umwombe aitie ndani ya faili lako.

Omba rufaa kwa daktari wa kifua. Katika hospitali kubwa kama Kenyatta jijini Nairobi au Moi kule Eldoret wapo. Kwa kawaida utapigwa eksirei, utapuliza kwenye mashine inayopima pumzi, na ikibidi utafanyiwa picha ya CT, ambayo huonyesha makovu na mabaka ambayo eksirei huyakosa. Wakishuku saratani watanyofoa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Picha na majibu ni mali ya kesi yako. Usiache bahasha hospitalini, na usimpe mtu nakala halisi.

Hapa ndipo madai mengi huvunjika. Ripoti ikisema tu "ugonjwa sugu wa mapafu", mwajiri atauliza umetoka wapi, na hutakuwa na jibu. Ripoti inayokusaidia ina mambo matatu: jina kamili la ugonjwa, tarehe ulipotambuliwa, na maoni ya daktari kwamba unalingana na kuvuta asbesto kazini, pamoja na historia ya kazi uliyompa. Si kosa kumwomba aongeze sentensi hiyo kwa heshima. Mimi nilimwomba daktari wa mjomba, akaniambia hakuwa amejua kwamba mzee anaweza kudai, akaiandika palepale.

Ikiwa umetibiwa kifua kikuu na makohozi hayakuonyesha vijidudu, leta karatasi hizo pia. Zinaonyesha kwamba umehangaika kutafuta chanzo, na zinaeleza kwa nini umechelewa.

Hatua ya pili: thibitisha ulikofanya kazi

Anza na NSSF. Taarifa ya michango yako huonyesha mwajiri aliyekuwa akikukata na miezi aliyokukata, na haitegemei kampuni kuwa hai au kufa. Kwa mjomba ndiyo iliyotuokoa: ukurasa mmoja, jina la zamani la kampuni, mwaka hadi mwaka.

Kisha tafuta cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho anapoacha kazi. Ongeza vipande vya mshahara, kitambulisho cha kazini, kadi ya chama cha wafanyakazi, hata picha ya sherehe ya kustaafu iliyopigwa mbele ya karakana. Kama hakuna chochote, watafute wenzako wawili mliofanya kazi zamu moja. Kila mmoja aape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, aeleze alichokiona: mahali, miaka, vumbi, ukosefu wa barakoa. Fanyeni hivyo mapema. Wenzako nao ni wazee na walivuta hewa ile ile.

Mwajiri akikunyima faili lako, una sheria mbili za kumwonyesha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi anazozishika. Ikiwa ni idara ya serikali, kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayosimama juu ya kifungu cha 35 cha Katiba. Andika barua, peleka nakala mbili, upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Omba pia matokeo ya vipimo vya afya vya kazini na vya hewa, ikiwa viliwahi kufanywa.

Kampuni ikiwa imebadilisha jina, omba taarifa yake rasmi, ile CR12, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Utajua kama bado ipo, nani ni wakurugenzi, na kama imefilisiwa. Jina kubadilika hakufuti deni, kwa kuwa kampuni inabaki kuwa ile ile. Uliza pia ni bima ipi iliyowalinda wafanyakazi, maana sheria inamlazimu mwajiri awe na bima hiyo.

Hatua ya tatu: taarifa na fomu

Sheria unayoitumia inaitwa kwa kifupi WIBA, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Inamhusu mfanyakazi wa kampuni na wa serikali, isipokuwa wanajeshi. Kibarua aliyelipwa kwa siku naye ni mfanyakazi, asikudanganye mtu.

Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi kwamba umetambuliwa na ugonjwa uliotokana na kazi, ukiambatanisha ripoti ya daktari. Yeye anatakiwa kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Ofisi hiyo ndiyo watu huiita DOSHS, na ina matawi katika kaunti. Fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1: sehemu moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari, ambaye huandika asilimia ya ulemavu wako wa kudumu.

Mwajiri akikataa kujaza, usikae. Nenda mwenyewe DOSHS na barua yako yenye muhuri, ripoti na taarifa ya NSSF. Mkurugenzi ana mamlaka ya kufanya uchunguzi. Hakuna haja ya wakili katika hatua hii. Jihadhari na madalali wa kesi wanaozunguka wodini wakiahidi kukushughulikia kila kitu kwa theluthi ya pesa. Katika Kenya, hata wakili haruhusiwi kisheria kupatana nawe malipo ya sehemu ya fidia ikiwa utashinda.

Sasa muda. WIBA inampa mdai miezi 12. Mwajiri atakwambia vumbi ulilivuta mwaka 1985, kwa hiyo umechelewa kwa miongo. Huwezi kudai ugonjwa usioujua, na ndiyo maana nimesisitiza tarehe ya daktari. Ihesabu miezi yako tangu siku hiyo, na uwasilishe katika wiki za kwanza. Ukiambiwa kwamba WIBA ilianza kutumika Juni 2008 na wewe uliacha kazi kabla yake, usigeuke kurudi nyumbani. Kabla ya WIBA palikuwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 236. Waombe waamue kwa maandishi, kwa sababu jibu la mdomo haliwezi kukatiwa rufaa.

Hatua ya nne: fahamu hesabu

Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mishahara ya miezi 96 mara asilimia aliyoiandika daktari. Tuseme mshahara wako ni shilingi 30,000 na daktari ameandika asilimia 40. Mishahara ya miezi 96 ni shilingi 2,880,000, na asilimia 40 yake ni shilingi 1,152,000. Daktari akiandika 25 badala ya 40, umepoteza shilingi 432,000 kwa kalamu moja. Kwa hiyo kipimo cha pumzi kiwe kipya, na mweleze daktari wazi: unatembea hatua ngapi kabla ya kupumzika, unalala na mito mingapi, unaweza kubeba ndoo au huwezi. Wanaume wa rika la mjomba wangu wakiulizwa hali husema "nzuri, alhamdulillahi", na daktari huandika hivyo hivyo.

Kwa ulemavu wa muda, mfanyakazi hulipwa sawa na mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Gharama za matibabu nazo zinadaiwa, kwa hiyo weka kila risiti, hata ya nauli na ya dawa ya kikohozi.

Mkurugenzi akimaliza hesabu hutoa hati ya kumtaka mwajiri alipe. Madai yanatakiwa kulipwa ndani ya siku 90. Ajenti wa bima akija nyumbani na hundi na karatasi inayosema umekubali malipo yote na hutadai tena, usitie sahihi siku hiyo. Chukua nakala, linganisha na hesabu ya DOSHS, kisha ndipo uamue.

Hatua ya tano: usiporidhika

Una siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe, kwa maandishi. Akishajibu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini. Huko sasa ni vizuri kuwa na wakili. Asiye na uwezo aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au Kituo Cha Sheria, shirika ambalo kwa miaka mingi limewasimamia wanyonge Nairobi na Mombasa.

Wengine huuliza kwa nini wasiende mahakamani moja kwa moja kumshtaki mwajiri. Kifungu cha 16 cha WIBA kinazuia, na Mahakama ya Juu ilikithibitisha Desemba 2019. Madai dhidi ya mwajiri yanapitia DOSHS. Mtu mwingine aliyekuumiza, kwa mfano mkandarasi aliyebomoa paa karibu nawe, bado unaweza kumshtaki.

Kama hukuajiriwa: wake, watoto na majirani

Mkaza mjomba hakuwahi kulipwa hata senti na kampuni ile, lakini vumbi lilikuja hadi uani kwake. Mtu kama yeye hadai chini ya WIBA. Njia yake ni kesi ya uzembe, na muda wa kawaida ni miaka 3. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kifungu cha 27, inairuhusu mahakama kumwongezea muda aliyeumia bila kujua mambo ya msingi ya kesi yake. Ripoti ya daktari yenye tarehe ndiyo itakayoonyesha alijua lini. Dhidi ya serikali muda ni mfupi zaidi, miezi 12, basi wakili aonwe upesi.

Kwa mtaa mzima uliochafuliwa, Katiba ina njia yake. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba ameshaumia. Mfano tunao hapa hapa Mombasa. Wakazi wa Owino Uhuru walitiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Sumu yao haikuwa asbesto, lakini hoja ni ile ile: waliochafua na maofisa wa serikali waliopaswa kuzuia wanaweza kulipishwa pamoja. Walichokuwa nacho wakazi wale ni vipimo vya damu na vya udongo. Mtaa wa asbesto utahitaji vipande vya paa vilivyopimwa maabara, na picha za vifua.

Mgonjwa akifariki

Ni jambo zito, lakini inabidi lisemwe. Wategemezi wana haki ya fidia na gharama za mazishi chini ya WIBA, na miezi 12 yao huanza siku ya kifo. Karatasi itakayotazamwa kwanza ni ile inayoandika sababu ya kifo. Ikiandika "kushindwa kupumua" tu, mjane ataanza safari upya. Zungumza na daktari kabla hajaijaza, umwonyeshe ripoti za zamani, aandike ugonjwa uliosababisha huko kushindwa kupumua.

Sisi Waislamu tunazika haraka, na familia nyingi hazitaki maiti ipasuliwe. Ndiyo sababu nyingine ya kukamilisha picha ya CT na uchunguzi wa nyama mgonjwa angali hai. Vikiwepo, mara nyingi hakutakuwa na ubishi wa kutaka uchunguzi zaidi. Wategemezi waandae cheti cha kifo, cheti cha ndoa, ikiwemo ya Kadhi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya chifu. Wake wakiwa wawili, wote watajwe tangu mwanzo.

Kazi uliyoifanya nje ya Kenya

Unadai katika nchi ulikovuta vumbi. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015 chini ya Sheria Sura ya 263. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mshahara wako haukatwi. Mafao yake ni pamoja na matibabu, fidia ya ulemavu, malipo ya anayemhudumia mgonjwa, utengemao (kumsaidia aliyeumia arudi katika kazi na maisha), mazishi na malipo ya wategemezi. Nako wahi ndani ya miezi 12. Zanzibar ina sheria yake.

Uingereza muda ni miaka 3 tangu ulipojua, na kwa mwenye mesotelioma ambaye mwajiri na bima yake hawapatikani, kuna mpango wa malipo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Marekani kampuni nyingi za asbesto zilifilisika, ikiwemo Johns-Manville mwaka 1982, na zikaacha mifuko maalumu ya kulipa waathirika. Muda huko hutofautiana jimbo hadi jimbo.

Paa lililo juu yako leo

Bati la asbesto lisilopasuka halimwagi nyuzi nyingi. Hatari huja likikatwa, likitobolewa, likisuguliwa kwa brashi ya waya au likiangushwa chini likavunjika. Nchini Kenya ni taka hatari chini ya kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, na anayeisafirisha lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mwenye nyumba akileta vijana na nyundo, wazuie na upige picha. Kazi ifanywe na mwenye leseni: mabati yaloweshwe maji, yafunguliwe mazima mazima, yafungwe kwa plastiki mara mbili, yabandikwe lebo, yapelekwe kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Vijana waliokwishapanda juu bila barakoa, andika majina yao na tarehe kwenye daftari, kila mmoja apate nakala aiweke.